Utosi wa Bwana Hatibu

Nchi yetu haina harufu. Nasema hivyo kwa fahari, na nyie wasomaji msije mkadhani natania. Zamani ilikuwa ikinuka kama nchi nyingine zote: moshi, jasho, samaki, mvua inayoanguka kwenye vumbi. Kisha siku moja mgeni wa heshima kutoka ng'ambo alishuka kwenye ndege, akavuta pumzi, akapiga chafya. Chafya moja tu, jamani! Wakubwa wetu waliona haya mpaka wakashindwa kula dhifa waliyomwandalia. Wiki ileile ikaundwa Wizara ya Harufu na Heshima, na tangu hapo tumekuwa tukiona haya kwa utaratibu maalumu, chini ya waziri mwenye gari na king'ora.

Mimi naitwa Chande. Ni Mfungua Mlango Mkuu wa Jumba la Uturi, duka pekee lenye kibali cha kuuza manukato kwa viongozi. Msinidharau kwa cheo hicho. Mlango wetu ni wa kioo na hujifungua wenyewe mtu akiusogelea, lakini Wizara iliona si heshima mlango kumfungulia mtu bila kujua ni nani. Kwa hiyo kazi yangu ni kuuzuia usijifungue mpaka nipate ruhusa. Nina glavu nyeupe kwa ajili hiyo, na bega la kulia limeanza kuniuma.

Ili muelewe yaliyompata Bwana Hatibu, lazima niwaeleze sheria mbili. Ni fupi, msichoke.

Ya kwanza ni Sheria ya Utosi. Kuna mwaka tulimwapisha katibu mkuu, akafanya kazi vizuri tu, akakata tepe, akahutubia, kumbe siye. Yule aliyeteuliwa alikuwa bado yuko nyumbani kwake anasubiri simu. Bunge likakaa, likaona vyeti vinaghushiwa, picha zinaghushiwa, hata sauti siku hizi zinaghushiwa, lakini mama hamkosei mwanawe. Kwetu mama humnusa mtoto utosini tangu siku anayomzaa. Hata mtoto huyo akiota mvi, akirudi safari, mama humvuta kichwa akamnusa kwanza, ndipo amuulize habari za huko. Basi sheria ikasema kwamba kabla ya kiapo, mama mzazi atamnusa mteule utosini mbele ya taifa na kutamka neno moja: "Wangu." Asiye na mama atanuswa na shangazi. Asiye na yeyote, shauri lake litapelekwa kwenye Kamati ya Yatima, ambayo haijawahi kukutana kwa sababu mama yake mwenyekiti mteule ana mafua.

Sheria ya pili ni ya Wizara yetu. Hiyo inasema kiongozi asinuke kitu chochote isipokuwa manukato yaliyothibitishwa, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Mtauliza, sasa mama atamnusaje mtu asiye na harufu yake? Swali zuri. Hakuna aliyewahi kuliuliza. Akina mama walikuwa wanainama, wanasogeza pua karibu na nywele, wanasema "Wangu," wanapigiwa makofi, wanapewa kitenge na soda. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka, na hakuna mama aliyeleta matatizo.

*

Bwana Hatibu Mkumbwa aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Maeneo Yanayofuka Moshi. Ni cheo kikubwa. Kazi yake ilikuwa azunguke mikoani kuhakikisha majiko ya kuni yanazimwa kabla hayajatuaibisha. Alikuwa amekitafuta cheo hicho kwa muda mrefu mno: amecheka vichekesho vya wakubwa visivyochekesha, amebeba mikoba, amehudhuria misiba ya watu asiowajua na kulia kuliko wafiwa. Sasa kilikuwa kimebaki kiapo tu.

Siku moja kabla ya kiapo alikuja dukani kwetu na mama yake, Bi Somoe.

Bi Somoe alitoka Mtapaa, ambako anakaanga mihogo pale malori yanapolala. Alivaa kanga zilizopigwa pasi mpaka zikasimama, na kikapu mkononi. Bwana Hatibu alitaka amnunulie manukato, ili kesho yake mbele ya taifa asije akanuka Mtapaa. Ni mtoto mwema, nilifikiri. Nikauzuia mlango huku nikisubiri ruhusa.

Sasa niwaambie jinsi mteja anavyohudumiwa kwetu, maana wengi mnapita nje mnachungulia tu. Jumba la Uturi halina bei. Anayeuliza bei huonyeshwa mlango kwa upole, na anayeonyesha ni mimi. Wahudumu wetu hawamsalimu mteja mpaka harufu yake itangazwe, maana watajuaje kama ni wa kuinamiwa au wa kutazamwa tu? Kazi hiyo ya kutangaza ni ya Bwana Feruzi, Mnusaji wa Mlangoni, aliyesomea pua ng'ambo kwa fedha za serikali. Hunusa, kisha husema kwenye kipaza sauti, ili wateja waliomo ndani wajiandae.

Feruzi akamnusa Hatibu. "Sabuni ya kipande! Wali wa mchana! Na wasiwasi kidogo! Apite!"

Kisha akamgeukia Bi Somoe. Akanusa, akarudi nyuma hatua, akanusa tena.

"Moshi wa kuni! Mafuta ya kukaangia, yaliyorudiwa! Muhogo! Pilipili! Na…" Akafunua mwongozo wake wa Wizara, akaufunga. "Na kitu kingine ambacho hakimo."

Duka zima likageuka. Kwenye kochi la katikati alikuwa amekaa Mama Waziri, mke wa Waziri wa Harufu na Heshima mwenyewe, amenyoosha mkono anapuliziwa. Mkono ukabaki hewani.

"Hamjambo, wanangu," Bi Somoe akasema, kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumba ya watu. Hakuna aliyeitikia, ila msichana mmoja wa kaunta aliyeanza "Shika—" kisha akajikoholea.

Madamu Ludovika, meneja wetu, ni mtu wa adabu. Adabu yake ni kwamba hata ukimchefua anakuletea kikombe. Alileta kile kikombe kidogo cha buni za kahawa zilizokaangwa, ambacho wateja hunusa katikati ya manukato ili pua zipumzike. Akamketisha Bi Somoe kitini, akamwekea mbele yake.

Bi Somoe akapokea kwa mikono miwili. Akachukua buni tatu nne, akatia mdomoni, akatafuna.

"Asante sana, mwanangu," akasema. "Ila mmezikaanga zikapitiliza."

Lo! Kicheko kilichotoka mle ndani, sijawahi kukisikia. Mama Waziri alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Msichana wa kaunta alijificha chini ya kaunta. Hata Feruzi alicheka kwenye kipaza sauti, kwa hiyo na mtaa nao ukasikia. Bi Somoe akatabasamu, kwa sababu aliona watu wamefurahi, na akaendelea kutafuna taratibu.

Bwana Hatibu hakucheka. Nilimwona shingo ikiiva.

"Hatibu!" Mama Waziri akaita, akijifuta macho. "Umetuletea nini leo, jamani? Huyu ni nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Lilikuwa swali jepesi, hata mtoto wa chekechea angelijibu. Bwana Hatibu alifungua mdomo, akamtazama Mama Waziri, akatazama vioo, akajitazama humo.

"Huyu…" akasema. "Huyu ni mfanyakazi wangu wa ndani, mama. Nimekuja naye abebe mzigo."

"Aaa!" Mama Waziri akasema. "Nilishaanza kuogopa!"

Bi Somoe aliacha kutafuna. Alimtazama mwanawe, si kwa hasira, la. Alimtazama kama anayesubiri mtu amalizie sentensi. Sentensi haikumaliziwa. Basi akateremka kwenye kiti, akaja kusimama ukutani karibu na mlango, mahali wanaposimama wafanyakazi wa ndani. Na mimi ndipo ninaposimama.

*

Bwana Hatibu alihudumiwa vizuri sana siku ile. Madamu Ludovika alimpitishia vikaratasi vya kunusia, kimoja baada ya kingine: Jioni ya Semina, Ukimya wa Kamati, Posho ya Safari, ambayo hunukia vizuri lakini haikai. Bwana Hatibu alinusa kila kimoja na kusema "Mmh." Mwisho likatolewa nukato linalofungiwa kwa kufuli. Linaitwa Daima.

"Hili, Mheshimiwa, halitoki," Madamu alisema, akishusha sauti. "Ukioga linazidi. Ukitoka jasho linazidi. Mtu hana harufu nyingine tena maishani."

"Ndilo ninalolitaka," Bwana Hatibu akasema, na nadhani alilisema kwa moyo wake wote.

Manukato ya Bi Somoe hayakununuliwa. Yangenunuliwaje? Nani katika nchi yetu amewahi kumnunulia mfanyakazi wa ndani kitu kutoka Jumba la Uturi? Mama Waziri alikuwa bado amekaa palepale.

Mimi huku ukutani nilikuwa nimenyooka kama nilivyofunzwa. Lakini niseme ukweli, nilikuwa naona haya, na sikujua kwa nini, maana hakukuwa na waraka wowote ulioniagiza. Nikajikuta nimenong'ona: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Chande."

"Mama yako yu hai, Chande?"

"Yu hai."

"Anafanya kazi gani?"

Nikamwangalia Feruzi na kipaza sauti chake. "Anauza mkaa," nikasema chini kwa chini.

"Kazi nzuri," akasema Bi Somoe. "Sasa mbona unanong'ona?"

Nikarekebisha glavu.

Walipotoka niliwasindikiza mpaka kwenye gari, ndiyo taratibu. Bwana Hatibu alimfungulia mama yake mlango mwenyewe, sasa hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mimi, na mimi sihesabiki.

"Mama, yale ya mle ndani ni maneno tu," akasema. "Unajua tena watu wa huku."

"Nimesikia, baba."

"Kesho ndiyo siku yenyewe. Utavaa lile gauni, utajifunga kilemba, hakuna atakayekujua. Hao hawaangaliagi sura ya mfanyakazi. Unasema neno moja tu: Wangu."

"Nikishakunusa."

"Eeh. Ukishaninusa."

"Haya, baba," akasema Bi Somoe, akakipakata kikapu chake.

*

Kiapo kilifanyika Ukumbi wa Taifa. Nami nilikuwepo, kwa sababu Jumba la Uturi ndilo lililopewa zabuni ya kuwapulizia wageni mlangoni. Bwana Hatibu alipofika nilimpulizia mwenyewe, kwa mkono wangu, kutoka chupa yake ya Daima. Utosini nilimwongezea kidogo kama hisani. Alinukia mpaka nzi walibaki barabarani. Bi Somoe alikuwa nyuma yake ndani ya gauni la bluu linalometameta, na maofisa itifaki wakamkalisha mwisho wa mstari, upande ambao feni ingepeleka hewa yake nje.

Waziri alihutubia kwanza. "Ndugu wananchi msio na harufu!" alianza, na ukumbi ukapiga makofi. "Leo tunamwapisha kijana aliyetoka kwenye moshi ili akauzime moshi! Tulikotoka kulikuwa kunanuka. Tunakokwenda hakutanuka. Na hapa tulipo, nani ananusa kitu?"

"Hakuna!" ukumbi ukaitikia.

"Sijasikia!"

"Hakunaaa!"

Kisha akaitwa mama wa mteule. Bi Somoe akapanda jukwaani, akishikilia pindo za gauni asilikanyage. Bwana Hatibu akapiga goti moja kwenye mto, akainamisha kichwa. Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa pembeni yangu, ananong'ona kwenye kinasa sauti: "Sasa mama anainama… Sasa mama ananusa…"

Wenzake wote hapo ndipo husema neno lao wakaenda kunywa soda. Bi Somoe hakusema. Alivuta pumzi. Akasogea, akavuta tena. Akamshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechagua papai sokoni, akampelekea pua nyuma ya sikio, akarudi utosini.

"Mama bado ananusa," akasema mtangazaji. "Wasikilizaji, naona mama… eeh… bado ananusa."

Ndipo nilipoelewa. Yule mama alikuwa ananusa kweli.

"Mama," Bwana Hatibu akanong'ona, na kinasa sauti kikamchukua, "sema basi."

"Ngoja, baba. Natafuta."

Mnusaji Mkuu wa Serikali, aliyekuwa ameshika Katiba, akakohoa. "Bi Mkubwa, taifa linasubiri. Huyu ni nani wako?"

Bi Somoe akainuka. Nilimwona uso. Hakuwa na kisirani hata kidogo. Alikuwa na haya, kama yeye ndiye aliyekosea mbele ya watu.

"Mwanangu, unisamehe," akamwambia Mnusaji Mkuu. "Kwa kunusa, simpati. Wangu ananuka moshi hapa katikati, na maziwa, tangu alipozaliwa, hata akioga. Huyu ananuka duka. Na kwa kusikia, jana nilimsikia mwenyewe akisema mimi ni mfanyakazi wake wa ndani. Sasa mimi niseme nini? Mimi mtu mzima, nitadanganya mbele ya redio?"

Halafu kutoka safu ya mbele Mama Waziri akapiga kelele: "Heee! Si ndiye yule mla buni!" Na kicheko kile cha jana kikaanza, lakini hakikufika mbali. Kilianguka katikati ya ukumbi, kwa sababu katika safu ya akina mama waliopata vitenge miaka iliyopita, mmoja alikuwa ameanza kulia kwa sauti, kisha wa pili. Viongozi waliokaa karibu nao wakatazama viatu vyao. Sijawahi kuona viatu vikitazamwa na watu wengi vile kwa mara moja.

Bwana Hatibu alisahau mto, akapiga magoti yote mawili sakafuni. "Mama, ni mimi! Mimi Hatibu!" Akanyakua chupa ya maji ya Waziri, akajimwagia kichwani. Akanyakua na ya Mnusaji Mkuu. Ukumbi mzima ukajaa Daima; Madamu Ludovika hakudanganya, lilizidi kweli. "Ninuse tena! Mama, nakuomba, ninuse!"

Bi Somoe akapiga magoti pamoja naye, gauni la bluu likalowa. Akamvuta kichwa kifuani, akamnusa kwa muda mrefu, macho amefumba, machozi yanamtoka.

"Nanusa, baba," akasema. "Nanusa. Sikupati."

Redio ya taifa ikapiga wimbo wa kizalendo.

*

Serikali ilichukua hatua haraka. Sheria ya Utosi imefanyiwa marekebisho: sasa mama atasimama umbali wa kutosha, akiwa amezibwa pua kwa kitambaa cha rangi za taifa, naye atatamka neno lake kwa kulisoma. Shauri la Bwana Hatibu limepelekwa Kamati ya Yatima. Mafua ya yule mama hayajapona.

Miezi ilipopita, Madamu Ludovika akanituma Mtapaa. Msidhani alikuwa na huruma. Alitaka nikathibitishe kama Daima bado linanukia, ili tuliweke kwenye matangazo.

Niliwakuta pale malori yanapolala. Bwana Hatibu alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto chini ya karai, macho mekundu, masizi mpaka kwenye nyusi. Moshi ulimzunguka, naye hakuukwepa. Alikuwa anausogezea kichwa. Nilimfahamu kwa harufu kabla sijamwona, kwa hiyo bidhaa yetu ni imara, na hilo nimeliripoti.

Bi Somoe alitoka ndani na beseni la mihogo iliyomenywa. Akaliweka chini. Kisha, kama jambo la kila siku, akamvuta yule mtu mzima kichwa, akamnusa utosini. Bwana Hatibu alifumba macho akasubiri.

"Bado, baba," akasema. "Geuza muhogo, unaungua."

Bwana Hatibu akageuza muhogo. Hakunisalimia, na sikumlaumu, nilikuwa nimevaa glavu.

Bi Somoe akanikatia kipande cha moto, akakitia chumvi na pilipili, akanipa kwenye karatasi. Kisha akanitazama kwa muda, akasogea karibu, akavuta pumzi kidogo tu.

"Na wewe, Chande," akasema, "mama yako amekunusa lini?"

Nilimwambia basi litaniacha. Akageuka kulitazama basi, lililokuwa limeegeshwa pale mbele yetu, tupu, dereva wake amekaa kwenye benchi anakula muhogo.